Harambee: tumfikishe binti yetu Muhimbili

Ndugu wazazi, walezi na nyote mliosoma hapa zamani, salaam.

Wengi mmemwona binti wa Darasa la Tano akiwa amevaa kola shingoni, na maneno kijijini yameshakuwa mengi. Kwa ruhusa ya mama yake, kamati ya shule inawaeleza hali ilivyo.

Pingili ya pili ya shingo ina kijino kilichosimama wima. Pingili ya kwanza, ile iliyobeba fuvu, hukizunguka kila tunapogeuza kichwa. Kijino cha binti huyu hakikuungana na mfupa wake tangu utotoni. Akiinama, pingili ya juu huteleza na kuminya neva zinazoshuka kutoka kwenye ubongo. Ndiyo maana kalamu ilikuwa ikimponyoka, mwandiko ukaharibika, akawa anajikwaa hata pasipo na jiwe. Si uchawi, wala mama yake hakukosea chochote.

Madaktari wa MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, wameshauri upasuaji. Atapasuliwa kisogoni, pingili hizo mbili zifungwe kwa skrubu na vyuma vyembamba, kisha kipandikizwe kipande cha mfupa wa nyonga yake mwenyewe ili polepole zishikane ziwe mfupa mmoja. Tusifichane: karibu nusu ya kugeuza kichwa kulia na kushoto hutoka kwenye kiungo hicho, na hiyo ataikosa maisha yake yote. Nguvu za mkono nazo huenda zisirudi zote. Lakini shingo ikiachwa hivi, kuanguka kidogo tu kunaweza kumpoozesha mwili mzima au kumkata pumzi.

Kwa sasa habebi ndoo kichwani, haruki kamba. Dawati lake tumelisogeza mbele, katikati ya ubao, asilazimike kugeuka. Na ninyi mnaoshauri apelekwe kuchuliwa shingo, tafadhali sana, acheni. Huruma hiyo inaweza kumuua.

Familia imeuza ng'ombe wake wote wawili. Bado zinahitajika shilingi 3,500,000 za vifaa vya upasuaji, malazi ya mama huko Dar es Salaam, na safari. Safari yenyewe si ya kubanana kwenye basi: tutakodi gari kutoka hapa Singida hadi Dodoma, liende taratibu, kisha wapande treni ya SGR.

Harambee ni Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Mwenye fedha alete fedha. Mwenye debe la alizeti, kuku au mbuzi alete pia, tutanadi papo hapo. Ahadi zitaandikwa, na mwenyekiti wa kamati anajulikana kwa kufuatilia madeni. Mlio mbali tumeni kwa namba ya mweka hazina iliyo kwenye barua walizopewa wanafunzi, na kila mchangaji adai stakabadhi yenye mhuri wa shule.