YAH: MALALAMIKO KUHUSU VITUFE VYA F NA DISKI YANGU ILIYOFUTWA KARAKANANI KWENU

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakusalimu kwanza, kwa kuwa nimelelewa hivyo. Pili, naomba barua hii uisome wewe mwenyewe, isirudishwe kaunta. Kaunta ndiko nilikotoka nayo.

Masharti ya dhamana mnayajua, mmeyaandika wenyewe, sitayanakili hapa. Shida yangu ni mstari mmoja ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine yenyewe: ule unaoamua kama F5, kimoja cha vile vitufe vya F1 mpaka F12 vya safu ya juu ya kibodi, ikibonyezwa itume F5 kwenye programu au ipunguze mwanga wa skrini. Mstari huo mmeufungia kwa nywila yenu. Laptopu ni yangu, nimelipa shilingi 1,450,000 taslimu na risiti ya EFD ninayo, lakini ni kama nimeuziwa nyumba halafu funguo za chumba kimoja mkabaki nazo nyie.

Niliileta karakanani muingize nywila, mbadili huo mstari, niondoke. Fundi wenu akaniambia mbele ya foleni nzima: "Mama, hizi F ni za sauti na mwanga tu, siku hizi nani anazitumia?" Kisha akafuta diski yangu yote na kupiga Windows. Sikumwomba Windows. Sikumwomba afute chochote. Na baada ya yote hayo, nikibonyeza F5, mwanga bado unapungua.

Kabla sijatoa hela niliuliza. Kijana wa mauzo yupo, muiteni. Nilimwambia nataka F1 mpaka F12 zifanye kazi moja kwa moja bila kushikilia Fn, kile kitufe cha kubadilisha kazi ya vitufe vingine, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Akajibu, "Hilo ni la BIOS tu, Mama, dakika moja." Kwamba BIOS yenyewe imefungwa hakusema. Nilipofika nyumbani nikajaribu Fn na Esc, njia ambayo kwenye mashine nyingi inageuza hali hiyo, haikusaidia kitu. Nikaingia BIOS, nikakuta mstari upo, unaonekana vizuri kabisa, ila umefifia na haubonyezeki.

Kwa kuwa fundi aliuliza nani anazitumia, nimjibu kwa maandishi. Nazitumia mimi, mpiga chapa na mhariri wa miswada. Nilijifunzia kazi kwenye WordPerfect 5.1, programu ya zamani ya kuandikia, enzi za kuweka ukanda wa plastiki kuzunguka vitufe vya F: maandishi mekundu ya Ctrl, ya kijani ya Shift, ya bluu ya Alt, na meusi ya kitufe kikiwa peke yake. F10 kuhifadhi, F7 kutoka, Shift na F7 kuchapisha. Kompyuta ya IBM ya 1981 ilikuwa na F kumi, zimepangwa ubavuni kushoto mwa kibodi, na mashine yenyewe ilikuwa na kispika cha kulia bip tu. Sasa huyo kijana aniambie sauti gani ilikuwa inaongezwa hapo.

Siku hizi nahariria kwenye Vim, programu ya kuhariri maandishi, ndani ya Linux, mfumo ninaoutumia badala ya Windows. Kila F nimeipa kazi yake katika faili la mipangilio linaloitwa .vimrc, kitufe kimoja mstari mmoja au miwili. Kuhifadhi kwa F5, kwa mfano, ni hivi tu:

nnoremap <F5> :w<CR>
inoremap <F5> <C-o>:w<CR>

Mstari wa kwanza ni wa nikiwa natoa amri, wa pili ni wa nikiwa katikati ya kuandika: unahifadhi na kunirudisha palepale kwenye neno nililokuwa naandika, mkono haugusi panya. F9 ilikuwa inahifadhi, inaita XeLaTeX, programu ya kupanga kurasa, inanipa PDF. F7 ilikuwa inaondoa nafasi mbilimbili. F8 ndiyo niliyoipenda kuliko zote: ilikuwa inapita mswada mzima na kusawazisha alama ya ng', maana waandishi wangu kila mtu na yake. Mmoja anaweka alama iliyopinda, mwingine anaweka kile kistari kilicho chini ya Esc, mwingine anaacha nafasi kabisa kati ya ng' na ombe. Amri ya F8 nimeikarabati kwa miaka, kila mwandishi mpya akija na vituko vyake naongeza kipande.

Faili hilo ndilo lililofutwa. Miswada ninayo kwenye flashi, hivyo msije mkanijibu kwamba mteja anashauriwa kutunza nakala za kazi zake. Sijaleta mashine ije kufutwa.

Wala msinijibu kwamba nibadilishe mipangilio ndani ya programu, kama alivyonijibu dada wa simu. Programu inaweza kupangiwa kitufe inachokipokea. Laptopu yenu ikiwa kwenye hali hii, bila kushikilia Fn, haitoi F5 hata kidogo. Kinachotoka ni amri ya mwanga. Vim haioni kitu, itapangiwa nini? Ndiyo maana nikaja kwenu, vinginevyo ningejimalizia mwenyewe nyumbani.

Na hili nililithibitisha palepale kaunta, ndiyo naomba Meneja unisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipodhalilishwa.

Nilikwenda na kibodi yangu ya zamani ya USB. Nikaichomeka, nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikamwambia fundi, "Tazama, mwanangu." Nikabonyeza Ctrl na V, ili ionyeshe kitufe kinachofuata kinatuma nini, halafu F5 ya kibodi ile. Ikatokea ^[[15~, kama inavyotakiwa, maana hicho ndicho F5 inachotuma kwenye terminali. Nikarudia kwa kibodi ya laptopu yenu. Hakikuandikwa kitu, skrini ikafifia. Sikuhitaji kumweleza zaidi ya hapo. Yeye simu ameibana kati ya sikio na bega, anazungumzia mechi ya Simba na Yanga. Akainama, akaangalia ile ^[[15~, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Mama, hivi ni virusi."

Virusi! Nikamwambia siyo virusi, hiyo ni F5. Akacheka. Ndipo akasema yale ya sauti na mwanga, na nani siku hizi anazitumia, na watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka naye. Akachomeka flashi yake, akawasha upya mashine. Nikamwambia, "Usiguse diski, ingia BIOS tu, weka nywila." Akaniambia, "Tulia Mama, kazi yetu hii." Ikaja ile orodha ya sehemu za diski. Akachagua ile kubwa, akabonyeza Delete. Skrini ikamuuliza kwa maandishi kwamba vitu vyote vilivyomo vitapotea. Akabonyeza OK huku ananitazama usoni, simu bado begani. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kibodi, akausogeza. Ndiyo, Meneja, aliusogeza mkono wangu kwenye mashine yangu.

Alipomaliza akanigeuzia skrini: "Sasa iko safi." Nikabonyeza F5. Mwanga ukapungua. Akaniambia hiyo sasa ni mambo ya kiwandani, niandike barua pepe. Nikaandika. Jibu likaja lenyewe, la kunishukuru kwa kuwachagua.

Nilianza barua hii nikitaka mambo madogo: mstari wa BIOS ubadilishwe nikiwepo, nywila yenu iondolewe, na huyo kijana aniombe radhi palepale kaunta, kwa sauti ileile aliyotumia kusema virusi. Lakini kila ninapoandika naona nawaonea huruma bila sababu. Huo mstari ni haki yangu tangu siku ya kwanza, hauwezi kuwa fidia. Kwa hiyo nataka pia diski ipelekwe kwa mtaalamu wa kurejesha data kwa gharama zenu, na mtaalamu huyo nitamchagua mimi, siyo fundi wenu mwingine. Faili langu likirudi, tutazungumza. Lisiporudi, nataka hela yangu yote, shilingi 1,450,000, na malipo ya kazi iliyolala tangu siku hiyo, kwa sababu mswada uliokuwa mezani nausahihisha ng' moja moja kwa mkono.

Nawapa siku 14 tangu barua hii igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya hapo nitakwenda Tume ya Ushindani, maana Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na mimi nimeuziwa mashine kwa ahadi ya "dakika moja" ambayo muuzaji alijua imefungwa kwa nywila. Nitapita pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi niwaulize, chini ya sheria ya 2022, fundi anapofuta diski yenye majina na namba za wateja wangu bila ridhaa yangu, hilo linaitwaje. Na kama kamera ile iliyopo juu ya kaunta inafanya kazi, naomba picha za siku hiyo zitunzwe. Zikipotea nazo, nitajua la kuandika kwenye barua ya pili.

Laptopu sitaileta tena karakanani. Mje nayo nywila kwangu.

Wenu,
Mteja (nakala ya risiti imeambatishwa)

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, kwa taarifa.
Nakala: Wakili wangu, kwa hatua zake.