Hakuna kamera iliyoingia ndani ya Mirihi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Nafundisha fizikia sekondari. Wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alikuja na kipande cha gazeti lako, habari inayosema wanasayansi "wamepiga picha" kiini cha sayari ya Mirihi, akaniuliza: "Mwalimu, hiyo kamera ilipitia wapi?"

Haikupita popote. Chombo cha anga InSight kilitua Mirihi Novemba 2018 na kipimo cha mitetemo kilichotengenezwa Ufaransa. Mkono wa roboti ukakiweka chini, kisha ukakifunika kisisumbuliwe na upepo. Hadi vumbi lilipoziba paneli za jua na mawasiliano yakakatika Desemba 2022, kipimo hicho kimoja kilikuwa kimenasa mitetemo zaidi ya 1,300.

Kijana nilimpa ncha moja ya kamba, nami nikashika nyingine. Nikaitikisa kwa pembeni, wimbi likakimbia hadi mkononi mwake. Nikamwambia: sasa fikiria hii kamba ni maji. Chembe ya maji haiwezi kumvuta jirani yake kwa pembeni, kwa hiyo wimbi la namna hii likikuta kimiminika halipiti. Ndivyo ilivyokuwa Mirihi: mawimbi hayo yalishuka, yakakuta kimiminika kilichodhaniwa kuwa kiini cha chuma, yakarudi juu kama mwangwi. Ukijua yamechukua muda gani na mwendo wake ndani ya mwamba, unajua kimiminika hicho kinaanzia wapi. Alinyamaza kidogo, akaomba tutikise tena.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark alisoma michoro ya matetemeko, akagundua kwamba ndani ya kiini cha Dunia yetu kuna kiini kingine.

Kinachonisikitisha zaidi ni ile kilomita 1,830 mliyoiandika kuwa nusu kipenyo cha kiini cha Mirihi. Hayo yalikuwa makadirio ya 2021. Septemba mwaka huohuo kimondo kiliigonga sayari hiyo upande wa mbali na chombo, na wimbi lililopita kandokando ya kiini likafika likiwa limechelewa kuliko ilivyotarajiwa, kana kwamba kuna kitu kilichopunguza mwendo wake. Wachambuzi wakaona kwamba juu ya kiini kuna tabaka la mwamba ulioyeyuka, na walichodhani ni mpaka wa chuma ni mpaka wa tabaka hilo. Mwaka 2023 makadirio yakashuka hadi kilomita 1,650 hivi. Ingekuwa picha, kiini kingepunguaje kilomita 180?

Mwandishi wako angeandika "wamesikiliza", msomaji angeelewa hata kwa nini namba imebadilika, maana anayesikiliza hukisia, na akisikia zaidi hurekebisha.

Naomba mrekebishe maneno yale ya habari na namba ile. Mwanafunzi wangu ameshapata jibu lake. Wasomaji wengine hawakuwa na wa kumuuliza.

Mwalimu wa fizikia