Uzee si sababu ya kunyimwa chanjo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nijibu kauli ninayoisikia mara kwa mara, hata kwa watu waliosoma: kwamba kumchanja mzee ni kupoteza dawa, maana mwili wake umeshachoka. Nusu ya kauli hiyo ni kweli, na ndiyo maana inawanasa wengi.

Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi. Hilo ndilo jando la seli T, askari wa kinga ya mwili: huingia changa, hutoka zikijua kutofautisha mwili na adui. Tezi hii huanza kusinyaa mapema, na ukifika uzeeni sehemu yake kubwa imegeuka mafuta. Mzee hubaki na seli za zamani zinazoyakumbuka magonjwa aliyowahi kuugua, lakini seli mpya za kukabili kirusi kigeni ni haba. Hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya UVIKO-19 uwaue wazee kuliko vijana. Hata chanjo, kingamwili (silaha za mwili dhidi ya vijidudu) inazoamsha kwao ni chache na hupungua upesi.

Waliolitambua hilo, hata hivyo, hawakukunja mikono. Mwaka 2009 Marekani iliidhinisha chanjo ya mafua makali (influenza) kwa wenye miaka 65 na zaidi, yenye maikrogramu 60 kwa kila aina ya kirusi badala ya 15 za kawaida. Jaribio lililochapishwa 2014 lilionyesha kwamba waliopata dozi hiyo kubwa waliugua mafua hayo kwa asilimia 24 pungufu ya waliopata ya kawaida. Italia ilikuwa imetangulia kwa njia nyingine mwaka 1997: chanjo ya wazee iliyotiwa kichochezi cha kuishtua kinga. Yaani kinga ikidhoofika, mzee huongezewa nguvu ya chanjo.

Kuna na ushahidi wa hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya bakteria wa nimonia, nimokoka, mwaka 2011. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kule Kilifi walikuta magonjwa makali ya aina za nimokoka zilizomo kwenye chanjo yameshuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka 5, na yamepungua pia kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa kabisa. Bakteria hao hukaa puani na kooni mwa watoto, na watoto wetu wangapi wanalelewa na bibi? Mama anayeruka tarehe ya kliniki ya mwanawe anamweka hatarini na mkwewe.

Jambo lingine, na hili naliandika kama muuguzi mstaafu. Kinga ile ile iliyolegea mara nyingi hushindwa hata kupandisha homa. Mzee anaweza kuwa na nimonia na kipimajoto kisionyeshe kitu. Ameacha kula tangu juzi, anaongea yasiyoeleweka, ameanguka akienda msalani, anahema haraka. Nyumbani tunasema ni uzee tu. Zahanati nayo ikisema "hana homa", anarudishwa na panadoli. Hesabuni pumzi zake, jamani, na mpimeni oksijeni.

Ombi langu kwa Wizara ya Afya ni dogo. Ratiba ya kawaida ya chanjo Tanzania inawahudumia watoto, wasichana na wajawazito. Mwaka 2021, chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza, wenye miaka 50 na zaidi waliwekwa kwenye kundi la kwanza, kwa hiyo hatuwezi kusema hatujui namna ya kuwafikia. Dirisha la wazee lipo katika hospitali nyingi za serikali. Kwa sasa ni la kadi na dawa za presha. Iwekwe hapo chanjo ya mafua makali na ya nimonia, tukianza na wenye kisukari, moyo na pumu kama bajeti ni finyu, na Wizara itutangazie lini.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro