Hizo dakika 20 za viazi vya saladi ni za wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu niseme na wale wanaotuandikia ukurasa wa mapishi. Kila ikikaribia Idi ama Krismasi lazima saladi ya viazi itokee na kila mara maelezo ni yaleyale, menya viazi, kata vipande vidogo, tia kwenye maji yanayochemka, dakika 20, epua. Basi. Viazi gani? Hawasemi. Na hizo dakika 20 ni za Mombasa ama za Nairobi?

Manake sisi huku Mombasa tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa digrii 100, Nairobi kule juu mita 1,700 hivi yanachemka kwa kama digrii 94, na ukipanda Nyandarua yanashuka tena, sasa kiazi kinachoiva vizuri jikoni Nairobi kwa dakika hizo huku Kisauni kishakuwa uji zamani. Na vikiwa vipande vidogo ndo usiseme.

Halafu kuna hii aina ya kiazi inaitwa shangi. Ukienda soko la Kongowea hiyo ndo utapewa mara nyingi, na watu wanaipenda kwa sababu inaiva haraka gesi haiishi, kwa kuponda ama kwa mchuzi sina ugomvi nayo kabisa. Lakini kwa saladi shangi inataka adabu. Ukiitupa kwenye maji ya moto nje inaiva na kupasuka kabla moto haujafika ndani, unabaki na kiazi kimevurugika nje na katikati kigumu, alafu mtu anaambiwa hajui kupika.

Mimi napikia watu shughuli na hivi ndivyo tunavyofanya. Hatumenyi. Tunachagua vinavyolingana ukubwa, vilivyogeuka kijani tunatupa kwa sababu ile sumu haitoki kwa kuchemsha, tunaviosha na kuvitia vizima na maganda yake kwenye maji baridi yenye chumvi ya kueleweka. Yakianza kuchemka moto unapunguzwa, yatokote polepole. Saa weka kando. Chukua kisu chembamba choma kile kikubwa kuliko vyote, kisu kikiingia na kutoka bila kung'ang'ania epua hapohapo, mwaga maji yote, acha vitoe mvuke ndo umenye. Kama una haraka na lazima ukate kwanza basi tia kijiko cha siki kwa kila lita ya maji, ule ukali unazuia kiazi kulegea haraka na vipande vinabaki na kingo zake.

Kwani hamjawahi kuwauliza kina mama wa viazi karai, vile vya kuchemshwa halafu vikapakwa unga na kukaangwa? Kiazi kikivunjika hakivai ule unga wa rangi, na kila kilichopasuka ni hasara yao wenyewe, hao wanajua kuchemsha kuliko mpishi yeyote wa kwenye TV.

Kitu kingine hakiandikwi kabisa. Siki ama ndimu na chumvi nyunyiza viazi vikiwa bado na uvuguvugu ndo vinanyonya, lakini mayonezi subiri vipoe kabisa, ukiitia kwenye viazi vya moto inayeyuka inatoa mafuta. Na kwa joto letu hili saladi ikishachanganywa ikae kwa friji, nimeona kwenye harusi inatolewa saa nne asubuhi inakaa mezani mpaka bwana harusi afike, na bwana harusi wetu mnawajua. Masaa mawili nje ya friji yanatosha, zaidi ya hapo watu wataharisha na lawama ni ya mpishi.

Kwa hivyo mara nyingine mkiweka saladi ya viazi tajeni aina ya kiazi, semeni kama ni kizima ama kimekatwa na maji ni baridi ama moto, na huyo mwandishi aseme yuko mji gani. Hizo dakika mnaweza kuziacha.

Mpishi wa shughuli,
Kisauni, Mombasa.