Wanaowania umeya Mbeya waseme: tutapima kwanza au tutajenga kwanza?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie uchaguzi wa Meya wa Jiji la Mbeya. Sisi wakazi hatumpigii meya kura. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, meya huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao, na ndiyo maana wanaokitaka kiti hicho huzungumza zaidi na wenzao wa vikaoni kuliko na watu wa mitaani. Hata hivyo, meya ndiye anayeongoza Baraza la Madiwani, na chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kwa hiyo naomba kila anayewania aseme hadharani na kwa maandishi, kabla kura haijapigwa, kama katika kipindi chake mashamba ya pembezoni mwa jiji yatapangwa na kupimwa kabla hayajauzwa vipande vipande, au tutaendelea kujenga kwanza na kurasimisha baadaye, yaani kupima na kutoa hati nyumba zikiwa zimekwisha kusimama.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 541,603. Hilo ni ongezeko la wastani wa watu zaidi ya 15,000 kila mwaka. Tukikadiria kwamba nyumba moja inabeba watu wanne, jiji linahitaji karibu nyumba 4,000 mpya kwa mwaka, na watu hao hawawezi kuambiwa wasubiri mpaka ofisi iwe tayari. Asiyepata kiwanja kilichopimwa, kwa bei anayoimudu na kwa wakati anaouhitaji, atakwenda kwa mwenye shamba Isyesye, Iduda au Itende, na huko atapata eneo la hatua 20 kwa 20 bila kuzungushwa.

Namna mauzo hayo yanavyofanyika haifichiki. Mvua zikikatika na mahindi yakishavunwa, dalali humleta mnunuzi, eneo hupimwa kwa hatua za miguu, mashahidi wa pande mbili hutia saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mvua za Novemba hukuta msingi umekwisha kuchimbwa na tofali za kuchoma zimefika usawa wa linta. Simlaumu mnunuzi aliyechoka kulipa kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo, wala simlaumu mzee anayeuza robo ya shamba lake ili asomeshe watoto. Ninachosema ni kwamba kila mmoja wao huangalia mpaka wa kipande chake, na hapo hakuna hata mmoja mwenye wajibu wa kuacha njia, eneo la shule, la zahanati, la soko wala la makaburi. Wajibu huo ni wa halmashauri, nayo hufika pale nyumba zikiwa zimekwisha kuezekwa.

Matokeo yake tunaishi nayo katika mitaa yetu iliyoota bila ramani. Gari la kunyonya choo haliingii. Bomba la maji linapita uani kwa jirani, na jirani akikasirika analiziba. Siku ya msiba jeneza hulazwa ubavu ili lipite kati ya kuta mbili, jambo ambalo naliona kuwa ni kumvunjia heshima marehemu na waliomzika. Gari la zimamoto nalo hubaki barabarani, na mji ulioshuhudia Soko la Mwanjelwa likiteketea mwaka 2006 na Soko la Sido mwaka 2011 ungepaswa kuwa wa kwanza kudai kwamba gari hilo liweze kufika kila mtaa.

Najua nitajibiwa kwamba urasimishaji unaendelea. Nauunga mkono kwa mitaa iliyokwisha kujengwa, kwa kuwa hati humpa mwenye nyumba usalama, humwezesha kukopa, na hupunguza ugomvi wa mipaka. Lakini urasimishaji huandika kilichopo. Hauwezi kuzaa nafasi ambayo haikuachwa. Ili kichochoro kiwe barabara, ni lazima majirani wakubali kumegewa viwanja vyao au nyumba zivunjwe na wenyewe walipwe fidia, na fedha hiyo si ya kutafutwa kwa urahisi. Tena mwananchi hulipa mara mbili: kwanza kwa aliyemuuzia, kisha kwa mpimaji, na wako waliochanga fedha yao wakakaa miaka wakisubiri kampuni ya upimaji imalize kazi.

Jambo la milima ni zito zaidi. Mwezi Aprili 2024 tope liliporomoka kutoka Mlima Kawetere na kufunika makazi ya watu na shule katika Kata ya Itezi. Jiji letu limekaa kwenye miteremko, mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili na wakati mwingine Mei, na watu wanazidi kupanda juu kwa sababu huko ndiko bei iliko chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto na vyanzo vya maji. Afisa wa ofisini analijua katazo hilo. Mnunuzi aliyeletwa na dalali Jumapili jioni hakuti jiwe la mpaka, hakuti kibao, na katika ofisi ya kata hakuti ramani ya kumwonyesha kwamba anauziwa mahali pa hatari. Kuchapisha ramani na kuibandika katika ofisi za kata zote 36 ni kazi ndogo sana kwa halmashauri ya jiji, na meya anayeshindwa kuisimamia sioni atawezaje kusimamia kubwa zaidi.

Kuhusu fedha za kupima mashamba, halmashauri si lazima inunue ardhi yote. Inaweza kuingia makubaliano na wenye mashamba: wapimaji wa jiji wapange eneo zima, barabara na maeneo ya huduma yatengwe, mwenye shamba abaki na sehemu kubwa ya viwanja vilivyopimwa, na halmashauri ichukue vichache vya kufidia gharama. Kiwanja kilichopimwa kina bei nzuri kuliko shamba la hatua, kwa hiyo mwenye shamba hapati hasara. Dar es Salaam ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 mwaka 2002, na pale tulijifunza mambo mawili: kwamba mauzo ya viwanja yanaweza kurudisha gharama za upimaji, na kwamba bila masharti ya bei na ya muda wa kujenga, wenye uwezo hununua na kuacha pori kwa miaka mingi huku wa kipato cha chini wakirudi kule kule kwenye vichochoro. Mbeya haina sababu ya kurudia kosa hilo la pili.

Atakayesema kwamba meya hana mamlaka ya utendaji atakuwa na hoja. Mkurugenzi wa Jiji huteuliwa na Rais, na barabara za mitaa ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) tangu mwaka 2017. Kwa hiyo mgombea asituahidi lami. Atuahidi kilicho ndani ya uwezo wake: kwamba upimaji wa pembezoni utapewa fungu lake katika bajeti ya kwanza ya Baraza, kwamba mapato ya viwanja yatarudi kwenye kupima viwanja vingine, na kwamba taarifa ya Kamati ya Mipango Miji itasomwa kwenye mikutano ya mitaa.

Nawaomba madiwani wetu wawaulize wagombea hayo kabla ya kupiga kura, na majibu ya atakayeshinda yaingizwe katika muhtasari wa kikao cha kwanza cha Baraza, ili mkazi yeyote aweze kuyaomba na kuyasoma bajeti itakapokuja kujadiliwa.

Mkazi wa Uyole,
Mbeya