Muvi ya mpira haihitaji uwanja

Ndugu mhariri,

Nimesoma makala yenu kwamba Bongo muvi wamechelewa kutengeneza muvi ya mpira na eti wakipata bajeti ya kukodi uwanja na kujaza mashabiki basi kazi imeisha. Mimi sikubaliani kabisa, hapo uwanjani ndo wanapofeli wote, hata wenye hela zao.

Chukua Escape to Victory ya 1981. Humo kuna Pelé mwenyewe, Bobby Moore, Ardiles na wachezaji kadhaa wa Ipswich, yaani watu wa mpira kweli kweli, halafu golini kawekwa Stallone, mwigizaji wa muvi za ngumi za Rocky. Huyo huyo Stallone kwenye ngumi tunamwamini mana ulingoni wako wawili tu na kamera iko puani kwao, ngumi ikipita pembeni ya shavu hujui. Mpira una watu 22 na sisi tumezoea kuuangalia toka juu, tunamwona beki wa kushoto kapanda hajarudi, tunaiona nafasi kabla pasi haijapigwa. Muvi inakukatia vipande, mguu, uso, nyavu, mguu tena, tena taratiiibu, sa huo mpira gani.

Na hata wakiucheza vizuri bado matokeo kayaandika mtu. Kwenye Goal! ya 2005 yule dogo Santiago anaipigia Newcastle frikiki dakika za mwisho dhidi ya Liverpool, nenda kibanda umiza chochote waekee muone kama kuna mtu atanyanyuka kwenye benchi. Mwaka huo huo Liverpool yenyewe kwenye fainali ya klabu bingwa Ulaya ilienda mapumziko Istanbul ikiwa nyuma 3-0 na ikabeba kombe mbele ya Milan, ukimpelekea prodyuza skripti ya hivo si anakufukuza.

Muvi zinazokaa kichwani ni zile zinazouficha mpira. The Damned United ya 2009 inamhusu kocha Brian Clough na siku zake 44 pale klabu ya Leeds mwaka 1974, ila sehemu kali kuliko zote ni ya nyuma kidogo akiwa bado klabu ya Derby County, wanacheza na hao hao Leeds, na kocha mzima kajifungia chumbani chini ya jukwaa anasikiliza kelele tu, mechi haioni na wewe huioni. Au Offside ya Jafar Panahi, wasichana wa Iran wamevaa kiume waingie uwanja wa Azadi, ambako wanawake walikuwa hawaruhusiwi, kuangalia Iran na Bahrain, wanadakwa, wanawekwa kizuizini nyuma ya jukwaa, wanambembeleza askari awatangazie mechi. Na ilirekodiwa pale pale uwanjani mechi yenyewe ikiendelea! Mpira karibu huuoni na presha inakupanda vile vile.

Mkitaka stori ya Afrika ipo ya Zambia. 1993 ndege ya timu inaanguka baharini karibu na Libreville, Gabon, wachezaji 18 wanakufa, mchezaji mwenzao Kalusha Bwalya anapona kwa kuwa alikuwa anatokea Ulaya kivyake. 2012 fainali ya AFCON ikapigwa Libreville, mji ule ule, Kalusha ndo rais wa chama cha soka, Drogba wa Ivory Coast anapaisha penati ndani ya dakika 90, halafu matuta yanafika 8-7 Zambia bingwa. Ukiwapa waigizaji wazipige zile penati unaharibu kila kitu, picha za kweli zipo na huwezi kuzishinda. Mimi ningemfuata Joseph Musonda, mchezaji wa Zambia, kaumia mapema tu katolewa analia, mechi inaisha kocha Renard anambeba mikononi kama mtoto kumpeleka kwa wenzake washangilie.

Na huku kwetu mbona vitu vimejaa. Anzeni Alhamisi kama derby ni Jumamosi, mwenyekiti wa tawi anachangisha hela ya mabasi na nusu haionekani, kamati ya ufundi, wale wa ndumba, inabishana timu ipite mlango gani na upi usikanyagwe, baba mwenye familia kodi ya nyumba kaibetia yote. Filimbi ya kwanza ikilia muvi iwe inakaribia kuisha.

Hiyo hela ya kukodi uwanja wampe mwandishi wa skripti, mana huyo huwa analipwa wa mwisho, akilipwa.

Msomaji wenu,
Tandika, Dar es Salaam