Mzazi apange siku kwa vipande vikubwa, sio kwa dakika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee na wazazi wenzangu kuhusu hizi ratiba tunazotumiana. Kila shule zikikaribia kufunguliwa mwezi wa kwanza magrupu ya WhatsApp yanajaa ratiba ya mzazi, saa 10 na nusu amka, saa 10 na dakika 40 kunywa maji ya uvuguvugu, saa 11 mazoezi, saa 11 na robo kusoma kitabu, inaenda hivyohivyo mpaka saa 4 usiku siku nzima imekatwakatwa robo saa robo saa, na chini yake watu wanajibu asante mpenzi naanza Jumatatu. Mi naomba niseme wazi kwamba zile ratiba zinawaumiza wamama. Mtu anaifuata siku mbili, ya tatu mtoto anaamka na homa, kila kitu kinaanguka, alafu yeye ndo anabaki anajiona mzembe wakati mzembe ni ile karatasi iliyopangwa kama vile nyumbani hakuna watu.

Mimi nakaa Tabata, nafanya mahesabu kwenye duka la jumla Kariakoo, watoto ninao watatu, mkubwa yuko darasa la 5, wa kati la 2 na mdogo ana miaka mitatu. Baba yao ni dereva wa malori, akishatoka Dar kuelekea Tunduma na kuvuka Zambia hatuna uhakika anarudi lini, inategemea foleni ya mpakani na mzigo wa kurudi nao. Kwahiyo naongea kitu ninachoishi nacho kila siku, na najua wako wengi sana wa namna yangu, wengine wanalea peke yao kabisa.

Kugawa siku kwa vipande sio jambo la jana wala juzi. Benjamin Franklin, yule Mmarekani wa karne ya 18 aliyekuwa na kiwanda cha uchapaji Philadelphia, alijiandikia ratiba ya masaa 24 ambayo watu mpaka leo wanaisambaza, kuamka saa 11 alfajiri, kazi saa 2 mpaka saa 6 mchana, masaa mawili ya kula na kupitia mahesabu, kazi tena saa 8 mpaka saa 12 jioni, jioni ya kupanga vitu mahali pake na kula na maongezi, kulala saa 4 usiku. Vipande sita tu. Ila wanaoisambaza hawasemi alichoandika mwenyewe baadae, kwamba mpangilio ndo ulimsumbua kuliko tabia nyingine zote alizotaka kujifunza, na kwamba ratiba ya namna ile inamfaa fundi aliyeajiriwa ambaye muda wake hauingiliwi, lakini mwenye biashara anayeonana na watu inabidi awapokee kwa muda wanaoutaka wao. Sasa uisome ile ratiba yake toka juu mpaka chini, hakuna mstari wa kupika, hakuna mstari wa mtoto. Mkewe Deborah ndo alikuwa anasimamia nyumba na duka. Mzazi wa leo anatakiwa awe Franklin na awe Deborah kwa wakati mmoja, alafu anapewa ratiba ya robo saa!

Watu wakishashindwa hapo wanakimbilia kusema mipango sio matumizi, wanaacha kupanga kabisa, na mimi hilo pia silikubali. Bila mpango anayekula siku yako ni yule mwenye kelele zaidi, bosi au simu au jirani, na mtoto ambaye ni mpole anakosa. Kwahiyo kupanga tupange, ila tupange vitu vinavyoweza kuhamishika.

Kwangu siku ina vipande vitano na sivipimi kwa saa ya ukutani, navipima kwa mambo ambayo yapo tu kila siku nitake nisitake. Cha kwanza ni kutoka adhana ya alfajiri mpaka gari la shule lipite. Cha pili ni kazi mpaka mchana, cha tatu ni ile saa ya kula, cha nne ni kazi mpaka kufunga mahesabu, cha tano ni kuingia nyumbani mpaka watoto walale. Kinachobaki baada ya hapo ni changu na sikiandikii kitu. Adhana naitumia hata jirani yangu Mkristo anaitumia maana inasikika kwa wote, na huku kwetu karibu na ikweta jua halibadiliki sana, magharibi inaingia saa 12 na kitu mwaka mzima. Ndugu yangu aliyeko London hawezi kufanya hivyo kwasababu kwao mwezi wa sita jua linazama saa 3 na kitu usiku na mwezi wa kumi na mbili linazama kabla ya saa 10 jioni, yeye anashikilia muda wa kwenda kumchukua mtoto shule na siku yote inazunguka hapo. Kila mtu ana chake cha kushikilia, cha msingi kiwe kitu kinachotokea kweli na sio namba uliyoiota.

Ndani ya kila kipande naweka lazima moja au mbili, basi. Mengine yote nayaandikia pembeni neno "ikiwezekana". Hapa ndo wengi tunapokosea mahesabu, tunaandika mambo tisa kwenye jioni ya masaa mawili. Kuna wataalamu wa saikolojia, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walishaliandikia hili toka mwaka 1979, kwamba binadamu akikadiria muda wa kazi yake mwenyewe huwa anakadiria mfupi, anafikiria itakavyokuwa kila kitu kikienda vizuri na hakumbuki ilivyomchukua mara zilizopita. Yaani kupiga pasi sare za watoto wawili unaandika dakika 10, mara umeme umekatika, mara kifungo kimetoka na sindano haionekani.

Nieleze kipande cha jioni maana ndo kigumu kuliko vyote. Gari la shule linapita kwetu saa 12 kasoro robo asubuhi, kwahiyo watoto wanaamka saa 11. Madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo mwaka 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anatakiwa kulala masaa 9 mpaka 12, piga hesabu mwenyewe, ili mwanangu apate hata yale 9 ya chini inabidi saa 2 usiku awe amelala, sio ndo anapanda kitandani. Na mimi duka likifungwa nikapata daladala mapema, foleni ya pale Buguruni ikiwa imefunguka, naingia nyumbani saa 12 na nusu. Ikifunga naingia saa 1 na kitu. Kwahiyo jioni yangu na wanangu ni lisaa limoja na nusu, siku ya foleni haifiki hata lisaa limoja, hakuna namna ya kuirefusha. Lazima zangu pale ni mbili, wale na walale. Madaftari yanakaguliwa palepale jikoni, wa darasa la pili anakaa kwenye kigoda ananisomea kwa sauti mi nakata mchicha, akikosea silabi namsikia bila kuangalia kitabu. Mkubwa anafanya hesabu zake mezani alafu analeta zile alizokwama tu. Maharage yalishachemshwa Jumapili, yapo kwenye vimfuko friza, naunga na nazi yanaiva wakati wali unakauka. Nikichelewa foleni, basi sikimbizani na kila kitu, kusaini daftari kunahamia alfajiri, sare wanavaa ile iliyopigwa pasi Jumapili, tunakula kilicho chepesi, lakini ile saa 2 haiguswi. Mtoto aliyelala vizuri hata alfajiri haina ugomvi, anaamka mwenyewe anavaa, na mimi natoka nyumbani bila kumfokea mtu.

Kingine ni kuacha kipande kitupu. Mimi nina jioni moja katikati ya wiki na mchana wa Jumamosi ambavyo sivipangii chochote, na naomba wazazi mnielewe hapo, sio kwamba huo muda sina kazi, ni kwamba najua kuna kitu kitakuja ambacho sikijui. Wiki hii ni msiba wa jirani, wiki ijayo mtoto ana homa anatakiwa kupimwa malaria, wiki nyingine ni mgao na maji yametoka usiku huo baada ya kukauka muda mrefu, hapo hakuna cha ratiba, inabidi ujaze kila ndoo na simtanki na ufue. Kama una kipande kitupu unabadilisha tu, kufua kunaingia leo na kilichokuwa cha leo kinaenda kwenye kile kitupu. Kipande kikiharibika kihame kizima. Usijaribu kukibana kiingie katikati ya vingine, ndo mwanzo wa kulala saa 7 usiku na kuamka unatetemeka.

Hii karatasi yangu iko ukutani karibu na friji, imeandikwa kwa penseli, sio kwenye simu. Kwenye simu naiona mimi peke yangu, na mimi ndo natoka nyumbani asubuhi. Ukutani anaiona dada anayetusaidia, anaiona mtoto wa darasa la 5 ambaye sasa hivi ananikumbusha mama leo ni siku ya kulowesha maharage, na baba yao akirudi safari anaisoma palepale mlangoni anajua kipande gani ni chake. Dada naye ana kipande chake cha kupumzika kila mchana, mdogo akilala na yeye anapumzika, kimeandikwa na kinaheshimiwa. Dada wa kazi ni mfanyakazi kama mimi, haiwezekani mpango wa nyumba unipunguzie mimi mzigo kwa kumkandamiza yeye.

Na akina baba niwaombe kwa heshima. Baba akiwepo nyumbani asisaidie saidie, apewe kipande kizima na kila kilichomo. Mume wangu akirudi alfajiri ni yake, yeye anaamsha, anapika uji, anatafuta soksi, anasimama na watoto barabarani kusubiri gari. Nikimwachia nusu na mimi nikabaki na nusu bado kichwa changu kinafanya kazi yote, maana kukumbuka nako ni kazi. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akijifungua mapacha, na baba siku 3. Siku tatu hazimtoshi mtu kujifunza chochote kuhusu mtoto wake, kwahiyo hayo mazoea ya baba kushika kipande itabidi tuyajenge wenyewe majumbani.

Sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi akifanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo apewe mapumziko yasiyopungua dakika 60, na mama anayenyonyesha aruhusiwe muda wa kunyonyesha mpaka masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Wamama wengi hatujui, na wanaojua wanaogopa kuomba. Mimi ile saa yangu ya mchana naitumia kulipia luku, kutuma ada, kumpigia mwalimu, vitu ambavyo vingeingia jioni vikamla mtoto muda wake. Mabosi wanaoita kikao saa 10 na nusu jioni wajue kwamba kile kikao cha nusu saa kinamkuta mzazi kwenye foleni mbaya kabisa, na watoto wake watalala hawajamuona. Kikao hichohicho kikifanyika saa 4 asubuhi hakuna kinachoharibika dukani.

Namalizia na shule, maana hapa ndo mipango yetu mingi inapovunjika na ndo pepesi kurekebisha. Saa 3 usiku watoto wameshalala, unasikia grupu la darasa linalia, kesho kila mtoto aje na manila kadi mbili, gundi, na ufagio wa chelewa. Saa 3 usiku! Duka la vifaa vya shule limefungwa, mzazi anatoka na bodaboda kutafuta gundi, au mtoto anaenda mikono mitupu anasimamishwa mbele ya wenzake kwa kosa ambalo sio lake. Walimu nawaheshimu sana na najua na wao ni wazazi wana jioni zao fupi kama zangu. Lakini somo la Alhamisi mwalimu analijua toka Ijumaa iliyopita, liko kwenye andalio lake. Walimu wakuu mnaosoma barua hii, tunaomba ujumbe mmoja tu kila Ijumaa mchana wenye mahitaji yote ya kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa inayofuata, darasa kwa darasa, ili tununue Jumamosi.

Mama wa watatu,
Tabata, Dar es Salaam